Nilimsingizia kijana aliyempenda dadangu nikiwa na miaka 11. Je, kujuta kwangu kunatosha?

BintiKibokoni:

Asalaam aleikum. Haya nimeyaandika na kuyafuta mara nne. Naomba mnisome mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, nyumba ya ghorofa moja yenye kisima uwani. Tulikaa babangu, mamangu, shangazi yangu, dadangu na mimi. Dada wakati huo alikuwa na miaka 19, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anashona kofia za kuuza. Mimi nilikuwa na 11.

Ramadhani ya 1997 iliangukia Januari, kaskazi imeshika, joto halisemeki. Babangu akaita fundi seremala atengeneze milango na kabati kabla ya Idd. Kijana wa Likoni, miaka 22. Kila asubuhi alivuka na feri na kikapu chake cha vyombo: randa, patasi, msumeno umefungwa kwa gunia. Kazi ilikuwa nyingi, kwa hivyo magharibi ikimkuta, alifuturu kwetu kabla ya kurudi ng'ambo. Mimi ndiye niliyempelekea sahani. Dada ndiye aliyeipakua. Viazi vitamu vya nazi alivipanga upande mmoja, kaimati akazizungusha ukingoni moja moja, na shira akaitia kwenye kikombe mbali ili zisilowane. Babangu mwenyewe hakupakuliwa hivyo.

Walizungumza kwenye mlango wa uwani, yeye nje na dadangu ndani, mlango umerudishwa nusu. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza kama kuna mtu anashuka. Hawakugusana. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Shangazi alikuwa na bangili ya dhahabu, pana kama kidole, imechorwa asumini. Kichwa cha skurubu yake kilikuwa kimevunjika, akaifunga kwa uzi mweusi. Siku moja adhuhuri watu wamelala nikaichukua, nikaivaa, nikaenda kuinama kisimani nione mkono wangu unavyong'ara majini. Ikateleza. Nilisikia chubwi, basi.

Usiku ule nyumba ilipinduliwa. Babangu akauliza nani ameingia chumbani kwa shangazi. Nilikuwa nimesimama kando ya mtungi. Nikasema: "Nilimwona fundi akitoka chumbani, mkono mfukoni."

Hakuna aliyeniuliza habari ya mkono. Niliuongeza mwenyewe ili nisadikiwe.

Niliogopa kupigwa, ndiyo, lakini sitaki kujificha nyuma ya hofu. Nilikuwa na wivu pia. Wiki hiyo dada aliahidi kunipeleka Biashara Street kununua viatu vya Idd, akaahirisha, akaahirisha tena, na nilijua ni kwa nini hataki kutoka nyumbani mchana. Nilipolitamka jina la fundi nilimtazama dada. Nilitaka ajue kwamba nami naweza kumkosesha kitu.

Polisi walimpekua wakamkuta na shilingi 6,200, zimefungwa kwenye leso ya mkononi. Walimuuliza ni za nini. Hakusema. Walimpiga, hakusema. Hakimu alipomuuliza mwezi wa Mei, alisema ni zake, za jasho lake, basi. Kabla sijatoa ushahidi, hakimu aliniuliza mimi: "Mtoto akisema uongo, nini kitampata?" Nikamjibu: "Ataingia motoni." Akasema nafahamu maana ya kiapo. Nikaapa, nikayarudia yale yale, na mkono mfukoni.

Alifungwa miezi 18, Shimo la Tewa. Julai dada akaozwa jamaa yetu wa Maskati. Siku ya kutiwa hina niliketi karibu naye. Hakulia hata kidogo, na aliyekuwa akimpaka alimsifu kwa kutulia.

Mwaka wa 2003 mafundi waliingia kisimani kukisafisha. Nilikuwa na miaka 18. Nilimwona mmoja wao akimpa mamangu kitu, mamangu akakifunika kwa pembe ya leso akapanda juu. Hakusema neno, nami sikuuliza. Babangu na shangazi walifariki baadaye bila kujua, au labda walijua.

Mamangu amefariki mwezi wa Rajabu, mwaka huu. Dada alikuja maziko. Baada ya khitma tulifungua sanduku la mamangu tugawe nguo. Chini kabisa, ndani ya leso ambayo haijawahi kuvaliwa, ilikuwa ile bangili, na uzi mweusi ungali pale. Dada aliishika kwa vidole viwili. Akaniuliza: "Hii ilikuwa wapi?" Nikasema: "Kisimani." Akanitazama muda mrefu. Akairudisha ilipokuwa, akafunga kifuniko polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akatoka nje akaita tuktuk. Alilala kwa watu mpaka siku ya kusafiri. Hajazungumza nami tangu siku hiyo.

Fundi yu hai. Nimeambiwa ana karakana Ukunda, ana mke na watoto. Nataka kwenda kumwomba msamaha. Mume wangu anasema nisifukue kaburi, eti nilikuwa mtoto na Mungu amekwisha nisamehe. Mimi nimejuta tangu siku ile. Kila Ramadhani kaimati zikipita mbele yangu nashindwa kula. Lakini sijui kama majuto hayo yana thamani yoyote kwa mtu mwengine zaidi yangu. Je, niende? Nikienda niseme nini? Na dadangu nimfanyeje?

---

MamaSwafiya:

Waaleikum salaam dadangu. Nimekusoma nikilia. Miaka 11 ni mtoto, na mtoto kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi, mpaka abaleghe. Usijiue kwa jambo la utotoni. Kosa la watu wazima walioamini neno la mtoto wakampeleka kijana wa watu jela, hilo wewe haulibebi. Babako angemuuliza huyo kijana kwa upole, au angekuuliza wewe mara ya pili, yasingefika huko. Fanya istighfari, toa sadaka kwa niaba yake, muombee.

---

MtuWaTudor:

Kwa heshima zote, Mama Swafiya, kalamu iliyoinuliwa ni ya miaka 11. Ya miaka 15? Ya 18, alipoona kitu kinaingia kwenye leso? Ya 30? Uongo ule aliusema siku mbili, nyumbani na mahakamani. Kunyamaza amenyamaza miaka 28.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nami nimesingiziwa. Nilikuwa muuza duka la vifaa vya ujenzi, pesa zikapungua kwenye droo, mtoto wa mwenye duka akasema ni mimi. Sikufungwa, nilifukuzwa tu, na watu wakaniambia nishukuru. Lakini nawaambia inavyokuwa. Ukiingia dukani kununua sigara moja, mwenye duka anaisogeza sahani ya chenji. Haisogezi kwa ubaya, mkono unakwenda wenyewe. Ukiposa, mjomba wa msichana anasema ngoja tuulize. Mkeka wa msikitini ukipotea, hakuna anayekutazama, na unajua kwa nini hawakutazami.

Baada ya miaka saba yule kijana alikuja nyumbani kwangu usiku, akalia. Alilia sana. Mke wangu akampa maji, mimi nikajikuta nampigapiga mgongoni namwambia basi, basi, yamekwisha. Akaondoka mwepesi. Asubuhi niliamka nikawaza: huyu mtu alinichafua mchana, kwa sauti, mbele ya wateja. Amekuja kujisafisha usiku, kwa kunong'ona, na mimi ndiye niliyempangusa machozi. Mtaani mimi ningali mwizi, kwa sababu hakuna aliyemsikia ila mimi na mke wangu, na sisi tulikuwa tunajua.

Kwa hivyo dada, ukienda Ukunda usiende na machozi.

---

UmmuRaha:

Na mkewe je? Mnafikiria fundi, mnafikiria dada, kuna mwanamke pale Ukunda ambaye hajui kwamba mumewe alifungwa kwa sababu ya msichana mwengine. Labda anajua kifungo, hajui msichana. Ukifika na hadithi ya kaimati na mlango wa uwani, unaingia kwenye ndoa ya mtu. Sisemi usiende. Nasema sema lililo lako, bangili na uongo wako. Mapenzi yao usiyasimulie, si yako.

Na usiende peke yako. Nenda na mtu wako.

---

UstadhWaBondeni:

Binti yangu, Mwenyezi Mungu akutie nguvu. Nitakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu, bila kupamba.

Toba kwa dhambi iliyo baina yako na Mola wako ina mambo matatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi imegusa haki ya mja, wanavyuoni wameongeza la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake au akuhalalishie. Hilo la nne halifanywi kwa istighfari. Mume wako amekupa matatu ya kwanza akadhani amemaliza.

Ushahidi wa uongo ni jambo zito sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akaketi, akalirudia na kulirudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Ulikuwa mtoto, sawa, hukuandikiwa siku ile. Lakini haki ya mtu haifutiki kwa kuwa aliyeiharibu ni mdogo. Mtoto akivunja chombo cha jirani, chombo hulipwa.

Sasa nikwambie ninachokiona mimi. Watu hutaja kisa cha Nabii Yusuf wakataja alivyowasamehe nduguze: leo hamna lawama. Wanasahau yaliyotangulia. Alisingiziwa na mke wa bwana wake akatiwa gerezani miaka. Mfalme alipomwita atoke, hakutoka. Alimwambia mjumbe arudi kwa bwana wake akamuulize kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Mlango wa gereza uko wazi, naye anakataa kuuvuka mpaka jina lake lisafishwe pale pale lilipochafuliwa. Na yule mwanamke alisema, mbele ya mfalme: sasa haki imedhihiri, mimi ndiye niliyemtaka, naye ni mkweli. Hakumfuata Yusuf gerezani kumnong'oneza. Alisema kwenye baraza la mfalme.

Kwa hivyo hili la "je, majuto yanatosha" naliona ni swali la pili. La kwanza ni je, wale waliosikia uongo wamesikia kweli?

Kuhusu dadako. Iko aya katika Suratun Nur, ya 22, iliyoshuka wakati Abubakar alipoapa kumkatia msaada jamaa yake Mistah, aliyekuwa miongoni mwa waliomzushia binti yake, Bibi Aisha. Aya ikamuuliza: je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Abubakar akasema anapenda, akarudisha msaada. Ni aya kubwa. Lakini angalia aliambiwa nani. Aliambiwa aliyedhulumiwa, na aliyemwambia ni Mola wake. Mistah hakuibeba aya akaenda kuisoma mlangoni kwa Abubakar. Basi nawe usimtumie dadako aya. Na Bibi Aisha mwenyewe, ushuhuda wa usafi wake uliposhuka, mamake alimwambia inuka uende kwa mumeo. Akasema wallahi sendi kwake, simhimidi ila Mungu. Aliyeumizwa ana haki ya kukaa kwanza na uchungu wake.

Bangili ni ya warithi wa shangazi yako, ipelekeni kwao. Hilo ni jepesi.

---

KaraniMstaafu:

Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, nitajibu upande wangu tu.

Kwanza, usiogope kwamba utashtakiwa. Kwa sheria ya wakati ule mtoto aliyezidi miaka 8 na hajafika 12 hakuhesabiwa na hatia mpaka ithibitishwe kwamba alijua analolifanya ni kosa. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wenyewe mpaka 12.

Pili, yule bwana hukumu yake ingali hai. Watu hudhani kifungo kikiisha mambo yameisha. Kila akitaka cheti cha tabia njema, alama za vidole zinachukuliwa, na Idara ya Upelelezi inatazama rekodi. Kijana wa Pwani mwenye ufundi mkononi, enzi hizo kila mwenzake anatafuta kazi Ghuba au melini, na cheti hicho ndicho kinachoulizwa. Wewe hesabu mwenyewe.

Tatu, Katiba ya 2010, Ibara ya 50, kifungu kidogo cha 6. Aliyetiwa hatiani na hakukata rufaa katika muda uliowekwa (kutoka mahakama ya hakimu ni siku 14) anaweza kuiomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, ikiwa umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Shahidi aliyemtia hatiani anaapa kwamba alisema uongo, na kitu kinachodaiwa kuibwa kimepatikana kisimani. Uamuzi ni wa jaji, siwezi kumsemea, lakini ombi lina miguu ya kusimama.

Utakachofanya wewe ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Eleza ulichosema 1997, eleza kweli ni ipi, eleza bangili ilipatikanaje na iko wapi. Ipigwe picha kabla ya kupelekwa kwa warithi. Tafuta namba ya kesi. Na ufahamu kwamba mwenye haki ya kufungua ombi ni yeye, si wewe. Wewe ni shahidi tu. Akisema hataki mahakama tena maishani mwake, hati umpe akae nayo.

---

MamaSwafiya:

Nimesoma majibu ya wote. Nilichokisema mwanzo nilikisema kwa huruma na bado nina huruma. Lakini Mtu wa Tudor umenigusa. Nina kaka yangu alisingiziwa, na mimi ndiye niliyemwambia ashukuru.

---

BintiKibokoni:

Nimerudi. Siku 19 zimepita. Sikutaka kuandika kabla sijawa na la kuandika.

Nilikwenda Jumamosi. Mume wangu alikataa kunipeleka, ila hakunizuia. Nilikwenda na mwanangu wa kwanza, ana miaka 15. Nilimweleza kwenye feri, tumesimama ubavuni katikati ya watu na mikokoteni. Alinisikiliza, kisha akasogea mbali nami akaenda kusimama mbele kabisa. Nilidhani ndio basi. Kabla feri haijagusa ng'ambo akarudi, akasema: "Ndio maana Mama mkubwa akija Mombasa halali kwetu." Kweli. Hata kabla ya sanduku hajawahi kulala kwangu, na mimi siku zote nilijiambia ni kwa sababu nyumba ni ndogo.

Karakana iko kando ya barabara, bati na nguzo nne, vitanda vimesimamishwa nje. Alikuwa anapiga randa. Ana mvi, amenenepa. Mwanangu alimwamkia, akaitikia. Nami sikuwahi kufungua mdomo, alinitazama akasema: "Wewe ni yule wa sahani."

Mkewe alikuwepo, akatuletea maji. Nilifuata alivyonishauri Ummu Raha. Nilisema: "Bangili iliingia kisimani. Niliiangusha mimi. Sikukuona ukitoka chumbani."

Hakuiachia randa. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ubao, vinatafuta palipobaki panakwaruza, kama kwamba anaendelea na kazi. Kisha akauliza: "Na mkono mfukoni?"

Nikasema: "Huo niliuongeza."

Akaketi. Alisema hakimu aliyataja maneno hayo wakati wa kusoma hukumu. Alisema miaka yote hii amekuwa akijiuliza kama siku ile labda kweli alipita karibu na kile chumba na mkono mfukoni, na yule mtoto akaona akadhani. Alikuwa ananitafutia udhuru. Alikuwa hajui kama ajiamini yeye au aniamini mimi. Sikujua kwamba uongo wangu ulikuwa umemfanyia hilo. Nilidhani yeye angalau alikuwa na kweli yake ndani ya moyo wake, nilidhani hiyo sikumnyang'anya.

Nililia, nasema kweli, lakini nilitoka nje ya bati nikalia huko, nikarudi nikiwa nimekauka.

Alinieleza mambo mengine, mengi nayaacha. Moja nitalisema kwa sababu alinipa ruhusa. Agosti 1997 Likoni ilipowaka, kituo cha polisi kikavamiwa na watu wakakimbia makwao, yeye alikuwa ndani na mamake alikuwa nyumbani peke yake. Siku 11 hakujua kama mamake yu hai. Alisema katika kifungo chote, zile siku 11 ndizo asizozisamehe, na hajui amhesabie nani, mimi au walioshika mapanga. Cheti cha tabia njema alikiomba mara mbili, akaacha.

Sikumwomba msamaha. Neno nilikwenda nalo mdomoni, nikaliona ni la kumtaka anipe kitu kingine tena. Yeye ndiye aliyelitaja. Alisema: "Msamaha sina wa kukupa leo. Siku nikiwa nao nitakwambia. Andika hayo uliyoniambia, halafu ukayasome Kibokoni, kwa sauti."

Wakati wa kuondoka ndipo nilipomuuliza zile pesa zilikuwa za nini. Alimtazama mkewe, mkewe akasema mwambie. Zilikuwa za mahari. Alikuwa amepanga kuja na wazee wake Idd mosi. Angesema pale kituoni, jina la dadangu lingeandikwa kwenye faili la polisi na kusomwa mbele ya watu. Kwa hivyo akasema ni zake tu.

Hati nimeapa Jumatano. Alhamisi baada ya alasiri nilikwenda kwenye baraza iliyokabili nyumba yetu ya zamani. Katika wazee wa wakati ule wamebaki watatu. Nilisimama na buibui langu, mwanangu ubavuni, nikasoma karatasi yote, mistari 31. Mmoja aliinuka katikati akaingia ndani. Mwengine alisema, "Sisi tulikwenda kumwambia babako apige ripoti." Watu wa duka walitoka kusikiliza. Nilisoma mpaka sahihi.

Kuhusu Mahakama Kuu hajaamua. Mkewe ndiye aliyeuliza kesi kama hiyo huchukua muda gani.

Picha ya hati nilimtumia dada usiku huo huo, bila salamu wala aya wala neno jingine, na chini yake nikaandika tu pesa zilikuwa za nini, kwa sababu hilo fundi aliniambia alijue. Siku nne kimya. Jana, saa tatu usiku, ukaja ujumbe wa sauti. Nilijifungia chumbani kuusikiliza. Ni wa sekunde chache, kuna sauti ya gari nyuma yake. Anauliza: "Zilikuwa ngapi?"

Nimemwandikia: elfu sita na mia mbili.

Ameusoma. Hajajibu.